Maisha ya Claudia Jones ukutani: kuandaa mabango manane kwa ukumbi wa shule Arusha

Maonyesho haya yanahitaji mabango manane, ukuta wa mita 9 hivi, watu watatu au wanne wanaoandika Kiswahili kisichochosha, na wiki tatu za maandalizi. Yanaenea kwenye ukumbi wa sekondari ya kata, kwenye maktaba, hata kwenye veranda pana isiyopigwa na upepo. Kwa Arusha, panga yafunguliwe 21 Februari, siku aliyozaliwa Claudia Jones, mkomunisti mweusi mzaliwa wa Trinidad aliyefungwa Marekani na kufukuziwa London, na yafungwe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, ambayo ina sehemu yake katika kesi iliyomfunga. Kiangazi cha Januari na Februari kinafaa karatasi. Ukisubiri Aprili masika yatakuwa yamekolea: manila itajikunja, gundi haitakauka, na mvua ya mchana itakimbiza wageni.

Kinachoharibu maonyesho ya namna hii mara nyingi wala si gundi. Waandaaji huliogopa neno “mkomunisti”. Wanaona litazua maswali, wanalifuta, wanabakiza “mwanaharakati” na “mtetezi wa haki za kiraia”. Halafu mgeni anafika bango la tano na kusoma kwamba mama huyu mpole alifungwa, akafukuzwa nchini alikoishi tangu akiwa na miaka minane, na hakuna mstari hata mmoja unaomwambia kwa nini. Kila kipande cha maisha yake kinaning'inia kwenye lile neno: kazi yake, magazeti yake, kesi, gereza, meli ya kwenda Uingereza, hata mahali kaburi lake lilipo. Kwa hiyo liandike kwenye sentensi ya kwanza ya bango la kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule wa maneno mengine, kisha endelea.

Kabla ya kushika kalamu

Chora mstari wa miaka kwenye karatasi moja: 1915, 1924, 1936, 1949, 1955, 1958, 1959, 1964. Hayo ndiyo mabango yako manane. Chini ya kila mwaka andika mambo matatu tu: alikuwa wapi, alifanya nini, nini kilikuwa kinaendelea duniani. Ukishindwa kujaza la tatu, bado hujalielewa bango hilo.

Kila bango lisizidi maneno 120 mbali na kichwa cha habari. Mtu aliyesimama husoma maneno hayo kwa dakika moja hivi, kwa hiyo mabango yote ni dakika nane, na hapo ndipo miguu na subira vinapokwisha. Mwalimu wa historia atataka maneno 300. Mkatalie kwa adabu, mpe kazi ya kujibu maswali siku ya ufunguzi.

Bango la 1915 ni fupi. Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, wakati huo koloni la Uingereza, kwa jina la Claudia Vera Cumberbatch. La 1924 linamleta Harlem, New York, kuwafuata wazazi waliotangulia kutafuta maisha. Mama yake alikuwa mshonaji kiwandani na alifariki Claudia akiwa bado binti mdogo. Mwaka 1932, akiwa na miaka 17, aliugua kifua kikuu. Usiuache ugonjwa huo, maana ulimwandama maisha yote, na bila huo kifo cha mapema kinaonekana kimeangushwa tu kutoka hewani.

Bango la 1936: hapa tumia nafasi yote

Msomaji wa Arusha atajiuliza kijana mweusi wa Harlem aliingiaje kwenye ukomunisti. Jibu liko Alabama. Machi 1931 vijana tisa weusi walikamatwa kwenye treni ya mizigo, wakasingiziwa kuwabaka wanawake wawili wa kizungu. Walishtakiwa katika mji wa Scottsboro, na ndani ya wiki chache wanane kati yao wakahukumiwa kifo. Waliojitokeza mapema na kwa nguvu kuwatetea, mahakamani na barabarani, walikuwa mawakili na waandamanaji wa chama kilichoshirikiana na wakomunisti. Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu mwaka 1932 kwa sababu vijana hawakupewa mawakili ipasavyo, ikatengua tena 1935 kwa sababu watu weusi walikuwa wameondolewa kwenye orodha ya wazee wa baraza. Mwaka huohuo wa 1935 Italia ilivamia Ethiopia, na Harlem ikachemka. Claudia aliwaona wakomunisti wakisimama kwenye mambo hayo yote mawili, na mwaka 1936 akajiunga na umoja wao wa vijana.

Ukiyaandika hayo kwa mpangilio huo, hakuna haja ya kumtetea wala kumlaumu. Mgeni mwenyewe ataona mlango aliopitia.

Bango hili lihitimishwe na jina. “Jones” alilichukua alipoanza kazi ya chama. Wanafunzi wengi huandika kwamba ni jina la mume. Sivyo. Weka sentensi moja ya kusahihisha, na umwambie msimamizi wa bango ajiandae kwa swali hilo.

Bango la 1949

Hapa kuna hoja moja tu, na lazima ieleweke kwa mtu asiyewahi kusoma siasa. Mwaka huo, katika jarida la nadharia la Chama cha Kikomunisti, Claudia aliandika kwamba mwanamke mweusi anakandamizwa mara tatu kwa pamoja: kama mfanyakazi, kama mtu mweusi, na kama mwanamke. Akaongeza kwamba chama chake chenyewe kilimpuuza mwanamke huyo. Mfano wake mkubwa ulikuwa wafanyakazi wa majumbani, wanawake weusi waliopika na kufua kwa wazungu kwa ujira mdogo bila ulinzi wa sheria za kazi.

Usimwage msamiati. Neno “unyonyaji” linatosha, wazee wa hapa wanalijua vizuri tangu Azimio la Arusha la 1967. Chini ya maandishi acha nafasi tupu ya sentimita 20 na uandike swali: “Nani anafanya kazi za nyumbani mtaani kwako, na analipwaje?” Funga makapeni kwa uzi pembeni. Nafasi hiyo hujaa siku ya kwanza, kwa hiyo andaa karatasi za kubadilisha, tano au sita.

Bango la 1955, na namna ya kuliandika

Hili ndilo gumu. Mfano wa maandishi mabaya, ambao ungeuona kwenye rasimu ya kwanza ya kundi lolote, ni huu:

“Claudia Jones alikuwa mtetezi shupavu ambaye alipitia changamoto nyingi nchini Marekani kutokana na misimamo yake.”

Sentensi hiyo ingemfaa mtu yeyote, na haimwambii msomaji kitu. Linganisha na hii:

“Januari 1955 Claudia Jones aliingia gereza la wanawake la Alderson, West Virginia. Hakurusha bomu wala hakuiba. Sheria ya Smith ya 1940 ilifanya kosa kufundisha au kuhimiza kuipindua serikali kwa nguvu, na serikali ilidai kwamba kukiongoza Chama cha Kikomunisti ni kufanya hivyo. Katika mashtaka ilitajwa hotuba yake ya Siku ya Wanawake Duniani ya 1950, ambayo ilihusu amani. Adhabu: mwaka mmoja na siku moja.”

Maneno yako chini ya 70, na kila sentensi imebeba kitu: mahali, sheria, kosa, ushahidi, adhabu. Fuata mpango huo kwenye mabango yote. Hapa ongeza tarehe chache. Juni 1951 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali Sheria ya Smith dhidi ya viongozi wa juu wa chama, na mwezi uleule kundi la pili, Claudia akiwemo, likakamatwa. Januari 1953 yeye na wenzake 12 walitiwa hatiani. Aliachiwa Oktoba 1955 kabla ya kumaliza kifungo, na Desemba akafukuzwa nchini. Marekani iliweza kumfukuza kwa sababu maombi yake ya uraia yalikataliwa.

Swali litakaloulizwa bila kukosa ni hili: mbona hakurudishwa kwao Trinidad? Jibu liwe tayari. Trinidad ilikuwa bado koloni, na gavana wa kikoloni hakumtaka. Kama raia wa himaya ya Uingereza aliweza kupokelewa London, na huko ndiko alikopelekwa. Trinidad ilipata uhuru 1962, yeye akiwa London bado.

Ubao mdogo wa nyumbani

Pembeni ya bango la 1955 weka ubao wa nusu ukubwa, na usiuhesabu kwenye yale manane. Huu ndio unaowafanya watu wa Arusha wasimame.

Mwaka 1952 Claudia Jones alikuwa kizimbani New York. Mwaka huohuo, katika jiji hilohilo, Kirilo Japhet wa Meru alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kulalamikia ardhi ya Engare Nanyuki. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru takriban 3,000, nyumba zikabomolewa na kuchomwa, ili kupisha ranchi za walowezi. Aliyemsaidia kuandaa malalamiko alikuwa Earle Seaton, wakili mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi.

Ishia hapo. Usiandike kwamba Japhet na Claudia walikutana au walijuana, na usichore mshale kati yao. Majirani wa tarehe wanatosha. Kuna kishawishi pia cha kumwingiza Pete O'Neal, kiongozi wa Black Panther (chama cha wanamapinduzi weusi wa Marekani) wa Kansas City aliyefika Tanzania 1972 na kuanzisha kituo cha jamii Imbaseni, nje ya Arusha. Huo ni mkondo mwingine. Black Panther ilianzishwa Oktoba 1966, karibu miaka miwili baada ya Claudia kufariki, na mgeni akiziona habari hizo kwenye ubao mmoja ataondoka akisema Claudia alikuwa Panther. Imbaseni inastahili maonyesho yake.

London, kwa haraka, isipokuwa karnivali

Machi 1958, Brixton, mtaa wa London, Claudia alianzisha gazeti la West Indian Gazette kwa ajili ya Waafrika-Karibi waliokuwa wakihamia Uingereza. Agosti na Septemba mwaka huo makundi ya wazungu yaliwashambulia watu weusi Notting Hill, mtaa mwingine wa London, kwa siku kadhaa mfululizo. Miezi michache baadaye, 30 Januari 1959, yeye na wenzake waliandaa karnivali ya Kikaribi, yaani sherehe ya muziki, ngoma na mavazi, ndani ya ukumbi wa manispaa ya St Pancras. Ilifanyika ndani kwa sababu Januari London ni baridi kali. Sehemu ya mapato ilikusudiwa kusaidia kulipa faini za waliokamatwa katika ghasia, weusi kwa weupe. Kijitabu cha siku hiyo kilibeba kaulimbiu yake kwamba sanaa ya watu ndiyo chimbuko la uhuru wao. Hiyo inafaa kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya bango la 1959.

Hapa kuna mtego. Mitandaoni imeandikwa mara nyingi kwamba Claudia Jones alianzisha karnivali ya mtaani ya Notting Hill. Hiyo ya mtaani ilianza 1966, akiwa ameshazikwa. Andika kwamba karnivali zake za ukumbini zilitangulia na zilifungua njia. Hilo ni kweli, na halipunguzi chochote.

Bango la mwisho lina tarehe inayoleta ubishi. Alifariki usiku wa 24 Desemba 1964 kwa moyo, akakutwa siku ya Krismasi, ndiyo maana vitabu vingine vina 25. Weka 24 na useme kwa nini. Alikuwa na miaka 49, siyo 50. Miezi 16 kabla, Agosti 1963, alikuwa miongoni mwa walioongoza maandamano London kuunga mkono yale makubwa ya haki za watu weusi kule Washington. Amezikwa makaburi ya Highgate, London, kushoto kwa kaburi la Karl Marx, baba wa nadharia ya ukomunisti. Mtu aliyesoma mabango saba yaliyotangulia hatashangaa.

Picha

Picha nyingi za Claudia zina wenyewe, na kuzipakua tu si ruhusa. Kwa maonyesho madogo ramani ni bora kuliko picha ya kuibia. Mpe mwanafunzi anayejua kuchora karatasi ya A2, achore Atlantiki na mistari mitatu: Port of Spain hadi New York, New York hadi Alderson, New York hadi London. Sura yake ichorwe kwa penseli na mkono, siyo kwa programu za kutengeneza picha, ambazo hubuni sura isiyo yake.

Ukiwa na picha yenye ruhusa, pima kabla ya kwenda kuchapa. Gawanya upana wa picha kwa pikseli kwa 150, upate inchi inazoweza kuchapwa bila ukungu. Picha ya pikseli 640 ni inchi 4.3, yaani sentimita 11 tu. Ukiivuta ijaze sentimita 40 itakuwa vigae. Na usiitume kwa WhatsApp kama picha, maana inabanwa. Itume kama dokumenti, au peleka kwa flashi.

Kuchapa au kuandika kwa mkono

Flex, turubai la plastiki la kuchapia mabango, huuzwa kwa mita ya mraba. A1 ni sentimita 59.4 kwa 84.1, nusu mita ya mraba, kwa hiyo mabango manane ni mita 4 za mraba. Yapange yote kwenye faili moja, manne juu na manne chini, 2.4 kwa 1.7, halafu kata mwenyewe kwa wembe na rula ya chuma. Uliza kwanza mashine yao ina upana gani, kwa sababu roli zinatofautiana. Peleka PDF iliyofungwa fonti ndani. Ukipeleka faili la Word, kompyuta ya duka itabadilisha fonti na mistari itaruka. Maandishi ya kawaida yawe pointi 28, vichwa 110, maelezo ya picha 20. Kabla ya kulipa chapa bango moja kwenye A4 na ulisome: hapo ndipo “1936” iliyogeuka “1963” inapoonekana.

Kwa manila na makapeni, pima karatasi uliyonunua kabla ya kupanga mistari, maana ukubwa unatofautiana kutoka steshenari moja hadi nyingine. Herufi za kawaida ziwe sentimita 1, vichwa sentimita 4. Piga mistari kwa penseli, andika, ngoja dakika 10, ndipo ufute. Ukifuta mapema wino utasambaa. Nyekundu isitumike kwa maandishi marefu. Kwa mwanga wa dirishani inapauka, na wazee hawaisomi.

Kutundika

Selotepu kwenye ukuta uliopakwa chokaa haidumu hadi jioni, inashuka na chokaa yake. Tumia waya wa kufungia nondo, uuvute kati ya misumari miwili kila mita 3, na ubane mabango kwa vibanio vya nguo, vitatu kwa kila bango. Kamba ya nailoni inalegea kwa uzito na mabango yanateleza kukutana katikati. Chini ya kila manila gundisha ufito mwembamba ili lisijikunje. Katikati ya bango iwe mita 1.5 kutoka sakafuni, au 1.3 kama wageni wengi ni wa shule ya msingi. Acha nusu mita kati ya bango na bango, na usiweke lolote mkabala na dirisha la magharibi.

Mtiririko uanzie kushoto kwa mlango. Wakianzia kulia watakutana na kaburi kabla ya kuzaliwa.

Weka watu wawili wa zamu, mmoja kwenye bango la 1936 na mwingine kwenye lile la 1955. Watasikia tena na tena: je, huu ndio ujamaa wetu? Jibu fupi na la haki ni kwamba Nyerere, katika andiko lake la 1962, aliujenga ujamaa juu ya undugu wa familia ya Kiafrika na kukataa kwamba unatokana na vita vya matabaka, wakati Claudia aliamini vita hivyo ndivyo injini ya historia. Atakayetaka zaidi aelekezwe Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni, kwa upande wa ujamaa.

Siku ya kufunga, toa mabango ya manila kwanza, yalaze bapa kati ya maboksi mawili. Flex kunja roli upande wenye maandishi ukiwa nje, ili wino usipasuke, na andika kwa makapeni nyuma ya kila moja namba yake kuanzia 1 hadi 8. Karatasi za maoni za bango la 1949 zitenge kwenye bahasha yake, zisichanganyike na mabango.